Haki ya Mnunuzi: Kompyuta Mbovu na Fedha Zinazopaswa Kurudishwa



Mmeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo mno kwa kikao cha Haki na Amani, yaani namna ya kudai fedha pale mtu aliponunua kwa njia ya intaneti kompyuta iliyokwisha kutumika, ikamfikia ikiwa mbovu. Tumezoea kufikiri kwamba kamati yetu ni ya mashamba yaliyonyakuliwa, chaguzi, na mishahara ya vibarua. Lakini haki haianzi katika mambo makubwa peke yake. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli kwa sababu ya vipimo vilivyopunguzwa na takataka za ngano zilizouzwa kwa maskini. Hayo yalikuwa mambo ya sokoni, na nabii hakuyaona kuwa madogo.

Tuchukue mfano. Mama mjane auzaye mboga amedunduliza shilingi 25,000 ili mwanawe aliye katika chuo cha ufundi apate kompyuta ya kufanyia kazi zake. Kijana aona tangazo katika soko la mtandaoni: kompyuta iliyotoka Uingereza, haijawahi kufunguliwa na fundi, betri yakaa saa nne. Fedha zatumwa kwa M-Pesa, na mzigo waletwa kwa basi. Siku ya tatu kompyuta yazimika. Fundi aifungua na kuona kwamba ubao wake mkuu ulikwisha kuchomelewa zamani. Muuzaji akipigiwa simu ajibu kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, kisha aifunga namba ya mama yule. Kwa mfanyakazi wa ofisini hiyo huenda ni hasara ya mwezi mmoja. Kwa mjane huyu ni akiba ya mwaka mzima, na muhula wa masomo wa mtoto wake umo hatarini.

1. Je, Mkristo adai au aache?

Wako waamini wema watakaomwambia mama huyu, "Mwachie Mungu." Maneno hayo yana heshima yake, lakini tuyapime. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Kusamehe hakumwondolei mkosaji wajibu wa kurudisha alichokitwaa isivyo haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha waziwazi kwamba haki yataka mali iliyochukuliwa kwa dhuluma irudishwe kwa mwenyewe, nayo yamtaja Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliliuliza swali letu hili hili: je, muuzaji anapaswa kutaja kasoro ya kitu anachokiuza? Alijibu kwamba kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, sharti itajwe. Kasoro ionekanayo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe, mradi bei imepunguzwa ipasavyo. Tena aliongeza jambo linalowahusu sana vijana wetu wanaouza vifaa vilivyotumika: muuzaji ambaye hakuijua kasoro hana dhambi, lakini akiisha kuijua anapaswa kumfidia mnunuzi. Basi neno "hata mimi sikujua" lamwondolea muuzaji lawama ya udanganyifu, ila halimwondolei deni.

Kuna na sababu nyingine ya kudai. Kompyuta ile mbovu ikirudi mikononi mwa muuzaji ambaye hajaulizwa neno, kesho itauzwa tena, na labda atakayeinunua ni maskini kuliko wa kwanza. Adaiye kwa adabu ajitetea nafsi yake, na pia amkinga jirani asiyemjua.

2. Sheria ya nchi yetu yasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, kupewa habari za kumwezesha kuzitumia vema, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani kuliko intaneti, lakini yafaa hata leo. Kitu kikiuzwa kwa maelezo, yaani mnunuzi ameyategemea maneno ya muuzaji, sharti kitu hicho kilingane na maelezo. Tangazo la intaneti ni maelezo ya namna hiyo. Pili, kama muuzaji ni mtu mwenye biashara ya bidhaa za aina hiyo, kitu sharti kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa. Tatu, mnunuzi ambaye hakupata kukichunguza kitu hahesabiwi kuwa amekipokea kabisa mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukichunguza. Lakini akikaa nacho kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema kwamba anakikataa, sheria itamhesabu kuwa amekikubali. Kwa hiyo kunyamaza ni hatari.

Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 yaongeza nguvu juu ya hayo. Yakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu hali ya bidhaa, na ina sehemu maalumu juu ya mikataba ya intaneti: muuzaji anapaswa kutoa habari muhimu kabla ya makubaliano, kumpa mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, na kumpatia nakala ya makubaliano. Tena haki zilizotolewa na sheria hiyo hazifutwi kwa maandishi ya upande mmoja. Yale maneno tuliyoyazoea chini ya risiti, kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi, hayawezi kuifanya bidhaa ya uongo kuwa ya kweli.

Hata hivyo tuwe wakweli juu ya mipaka. Kompyuta iliyotumika si mpya. Mikwaruzo, betri iliyochoka kidogo na mwendo wa polepole ni mambo ya kutazamiwa, kama tangazo halikuahidi vingine. Kasoro uliyotajiwa kabla hujalipa, nawe ukakubali bei iliyopunguzwa, huwezi kuifanya sababu ya kudai. Ukikichunguza kitu kabla ya kukinunua, kasoro ambayo uchunguzi ule ungepaswa kuifichua huna budi kuibeba mwenyewe. Tena ukimnunulia jirani anayeuza kompyuta yake moja tu, naye si mfanyabiashara, ulinzi wako ni mdogo zaidi; lakini hata yeye amefungwa na maneno yake aliyokieleza kitu.

3. Hatua za kufuata

Ya kwanza: acha kuitumia kompyuta, wala usiitengeneze kabla hujamjulisha muuzaji. Akikuta imekwisha kutengenezwa atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu. Piga picha, na ikiwezekana video inayoonyesha kasoro pamoja na namba ya utambulisho iliyoandikwa chini ya kompyuta.

Ya pili: kusanya ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi picha ya tangazo, maana laweza kufutwa siku ile ile. Usifute mazungumzo ya simu wala ujumbe wa M-Pesa. Tunza risiti na stakabadhi ya kampuni ya basi. Jina lililotokea katika ujumbe wa malipo ni la thamani kubwa, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu usiyemjua ni nani.

Ya tatu: pata maelezo ya fundi kwa maandishi. Yaeleze kasoro ni ipi, namba ya utambulisho ya kompyuta, na kama kasoro hiyo yaonekana kuwepo kabla ya mauzo. Fundi aandike tarehe na kutia sahihi.

Ya nne: mwandikie muuzaji. Barua iwe fupi, isiyo na matusi wala vitisho. Itaje siku ya kununua, bei, maneno ya tangazo, kasoro iliyoonekana, na dai lako: "Naikataa kompyuta hii kwa sababu hailingani na maelezo yako. Naomba unirudishie shilingi 25,000 katika muda wa siku 14, nami nitakurudishia kompyuta." Wauzaji wengi hulegea wanapoona tarehe na ushahidi, kwa kuwa wahenga walisema pia kwamba biashara haigombi. Kama mnunuzi aona kubadilishiwa au kutengenezewa kwamtosha, anaweza kukubali. Lakini makubaliano hayo nayo yaandikwe.

Ya tano: wakati huo huo tumia njia ya malipo. Baadhi ya masoko ya mtandaoni yana utaratibu wa kurudisha bidhaa, na muda wake huwa mfupi, basi lalamika siku hiyo hiyo. Aliyelipa kwa kadi ya benki aombe benki yake ipinge malipo hayo. Kwa M-Pesa ujue kwamba utaratibu wa kurudisha fedha umewekwa hasa kwa aliyekosea namba. Usiutegemee kuamua ugomvi wa ununuzi.

Ya sita: tafuta upatanishi. Katiba yetu, Kifungu cha 159, yazitaka mahakama zenyewe zihimize usuluhishi. Ikiwa muuzaji ni wa eneo letu, Kamati ya Haki na Amani yaweza kuwaita pande zote mbili. Mpatanishi asiende akiwa amekwisha kuhukumu. Amsikilize na muuzaji, maana huenda naye alidanganywa na aliyemuuzia.

Ya saba: Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na baada ya marekebisho ya mwaka 2020 yasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria yataka shauri liamuliwe katika muda wa siku 60. Mwananchi aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na mahakama haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi. Kabla ya kwenda, pima nauli na ada kwa thamani ya dai lako. Malalamiko juu ya mfanyabiashara anayewapotosha wengi yaweza pia kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Na polisi je? Ikiwa hapakuwa na kompyuta kabisa, au mtu alitumia jina la uongo ili kutwaa fedha, huo ni udanganyifu wa jinai, nawe toa taarifa mara moja. Vivyo hivyo ukigundua kompyuta ni ya wizi. Lakini si kila kompyuta mbovu ni wizi, na si haki kumtumia askari ili kumtisha mtu mwenye deni la kawaida.

4. Wajibu wa mnunuzi

Adaiye haki naye atende haki. Ni dhambi kuidondosha kompyuta kisha kusema ilifika hivyo, au kubadilisha kifaa chake cha ndani kabla ya kuirudisha. Tena si halali kumtangaza muuzaji kuwa mwizi katika makundi ya simu kabla hajasikilizwa. Ukikosea umemharibia jina, na jina pia ni mali. Kabla ya kuirudisha, ondoa picha na hati zako.

Kubwa kuliko yote, tuzuie kabla ya kuponya. Mnunuzi aombe kulipa baada ya kukiona kitu, na aende na mtu anayejua. Aiwashe, aitazame inavyochaji, aulize kama ina neno la siri au kizuizi cha kampuni iliyoimiliki zamani, na adai risiti yenye namba ya utambulisho. Aulize pia programu iliyomo: kwa mfano, Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama kutoka kwa waundaji wake tarehe 14 Oktoba 2025. Bei iliyo chini kupita kiasi, pamoja na muuzaji anayekuharakisha kutuma fedha, ni dalili mbili zinazotosha kukusimamisha.

Ndugu viongozi, naomba kila jumuiya iwe na mtu mmoja anayeweza kumsaidia mjane kuandika barua ile ya siku 14. Wengi hukosa haki yao kwa sababu hawajui waanzie wapi, na sheria iliyo nzuri vitabuni haimfikii mtu asiyejua kuiandika kwenye karatasi. Kazi hiyo yataka kalamu, uvumilivu na jioni moja.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni akina nani katika jumuiya yetu waliopata hasara kwa kununua vitu kwa simu au intaneti, na je, waliwahi kusaidiwa?
2. Vijana wetu wanaouza vifaa vilivyotumika hutaja kasoro kwa wanunuzi? Tuwasaidieje kufanya biashara ya kweli?
3. Ni nani kati yetu atakayejitolea kuandika barua za madai kwa niaba ya wasiojua kuandika?