Haya, Matangazo na Haki ya Binti

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, nanyi kina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani.

Mzee mmoja wa hapa Kibaha alinijia baada ya sala akiwa ameudhika. Alikuwa akila chakula cha usiku na watoto wake, redio ikatoa tangazo la taulo za kike. Msichana wa katika tangazo akajigamba kwamba siku zake hazitamzuia kusoma wala kukimbia. Mzee akainuka, akaizima redio. "Maalim," akaniambia, "haya imekwenda wapi?" Nikamwuliza, "Na binti zako hutumia nini?" Akanyamaza. Hakujua.

Sikumwuliza ili nimdhili, kwani wengi wetu tungenyamaza vile vile.

Haya ni katika imani, wala sikusimama hapa kuipunguza. Lakini haya siyo ujinga. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuijua dini yao. Walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwuliza juu ya hedhi na josho lake, naye akawajibu. Tena tumepokea kwamba alikuwa akiegemea mapajani mwa Bibi Aisha, naye yumo katika siku zake, akasoma Qurani. Sisi tunaodai kuifuata sunna yake, binti akivunja ungo tunamkabidhi kwa shangazi au bibi, na baba hasikii tena neno hata siku ya posa.

Wapo, kwa upande wa pili, waliopendezwa mno, hasa vijana, wasemao kwamba matangazo haya yamemkomboa mwanamke. Nao nawaomba wapunguze mwendo. Mfanyabiashara hulipia tangazo ili auze. Mwaka 1929, siku ya Pasaka, mjini New York, wanawake walipangwa watembee barabarani wakivuta sigara mbele ya watu, na sigara zile zikaitwa mienge ya uhuru. Aliyeipanga shughuli hiyo, Edward Bernays, alikuwa akilipwa na kampuni ya tumbaku. Uhuru ulitajwa, mapafu yakaharibiwa. Taulo si sigara. Ina manufaa ya kweli. Lakini sifa anayomwagiwa binti katika tangazo haimnunulii hata pakiti moja.

Tuyatazame ya nchini kwetu. Mwezi Juni 2018, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, alitangaza kuondolewa kwa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Watu wakashukuru. Juni 2019 Serikali ikairudisha kodi ile, kwa hoja kwamba bei haikuwa imeshuka madukani. Watetezi wa wanawake wakalalamika kwamba anayeumia ni msichana, na kwa maoni yangu walisema haki. Simtaji mfanyabiashara yeyote. Ila Suratul-Mutaffifin imewaonya wenye kupunja, na mwenye kusamehewa kodi kwa ajili ya binti maskini, kisha akaitia mfukoni mwake, naye na aisome sura hiyo polepole. Sikumbuki mzee aliyenijia mwaka ule akiwa ameudhika.

Sheria yetu imemlazimu baba kumlisha binti yake, kumvika na kumpa makazi. Je, kitambaa hiki hakimo katika mavazi? Wapo mabinti, tangu Maili Moja mpaka vijiji vya Kisarawe, wanaobaki nyumbani kila mwezi kwa kukosa kitu hiki kidogo. Mwanafunzi asiyefika darasani hasomeshwi na bango la barabara ya Morogoro, hata likiandikwa maneno matamu namna gani. Wala hasomeshwi na baba aliyelilaani bango hilo akapita zake.

Mzee yule alirudi Ijumaa iliyofuata. Alisema amekubaliana na mkewe kwamba fedha za taulo ziwe pamoja na za mchele na sabuni, mabinti wasilazimike kuziomba. Redio, akaongeza, bado anaizima.

Ninasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu, kwenu na kwa Waislamu wote. Nanyi mwombeni maghufira.