Mbegu ya Utumboni, Udongo wa Ini

 

Swali la leo limetoka darasani. Mama mmoja auliza: "Baba yangu aliugua saratani ya utumbo mpana. Mbona baadaye madaktari walisema imo katika ini? Je, alipata magonjwa mawili?"

La, mama. Ugonjwa ni ule ule mmoja, ila umesafiri.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Saratani ni seli zilizoasi, zikawa zaongezeka bila kipimo. Damu itokayo katika utumbo hubeba chakula kilichosagwa, na kwanza hupita katika ini kwa njia ya mshipa mmoja mkubwa. Basi seli ya saratani ikibanduka utumboni na kuingia katika damu hiyo, kituo chake cha kwanza ni ini.

Lakini kufika si kuota. Mwaka 1889, Stephen Paget, daktari mpasuaji wa London, alichunguza habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kuwa ugonjwa haukuenea ovyo. Ulipenda viungo fulani, na ini ni kimojawapo. Akafananisha seli na mbegu, na kiungo na udongo. Mbegu hutawanyika kote, lakini huota penye udongo unaoifaa.

Je, udongo wa ini ukoje? Kwanza, ini lina askari wake, yaani seli zinazomeza adui. Seli nyingi za saratani hufia hapo. Lakini ini lina kipawa pia: likikatwa sehemu, hukua tena. Seli zake na jirani zao hutoa kemikali za kuamsha ukuaji. Seli za saratani zilizookoka huitumia mbolea hiyo, ingawa haikuwekwa kwa ajili yao.

Hata hivyo, kipawa hicho humfaa daktari. Baadhi ya wagonjwa hukatwa sehemu yenye uvimbe, na ini lililobaki likakua.

Lakini heri kung'oa mbegu kabla haijatawanyika. Ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika kwa majuma kadhaa, au unakonda bila sababu, usiseme, "Ni bawasiri tu." Nenda hospitali upimwe.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini saratani ya utumbo mara nyingi huenea kwenye ini?
2. Ini husaidiaje na kudhurije?

Kwaherini.