Hofu ya Maji, Hofu ya Jirani: Kumtumaini Mungu Kando ya Ziwa Victoria

Siku za giza, mwezi ukiwa umejificha, wavuvi wa dagaa huanza kushuka mwaloni jua likikaribia kuzama. Taa zinajaribiwa moja moja, nyavu zinapakiwa, mafuta ya injini yanakadiriwa kwa jicho. Kabla ya kuusukuma mtumbwi majini, mmoja huvua kofia na kuomba kwa maneno machache. Mwingine hupeleka mkono chini ya ubao wa mbele, akagusa kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Mara nyingine aliyevua kofia na aliyegusa kitambaa ni mtu huyohuyo. Na jaketi la kujiokolea, kama lipo, limekunjwa na kufanywa mto wa kuegemea wakati wa kungoja dagaa wakusanyike kwenye mwanga.

Sala, hirizi na jaketi vimo katika mtumbwi mmoja. Mada hii ya semina ya viongozi wa kanisa inaanzia hapo kwa sababu mahubiri mengi kuhusu hofu husimulia sala peke yake. Mkristo wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema au Magu ameambiwa asiogope tangu shule ya Jumapili, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini watu wa kando ya ziwa wana hofu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni hofu ya maji, ambayo ina sababu na inaweza kuokoa. Ya pili ni hofu ya jirani, yaani hofu ya uchawi, na hiyo imeua. Anayehubiri kana kwamba zote mbili ni kitu kimoja huwaacha waumini wakiidharau ile ya kwanza na kuilea ya pili.

Kuhusu maji, tuseme ukweli ulivyo. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ziwa la Galilaya, lile la dhoruba maarufu ya Injili, halifiki kilomita za mraba 170. Lingeingia ndani ya Victoria zaidi ya mara 400. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa kutoka pande zote ikakutana juu ya maji, ikapanda na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi hupiga usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, ukijumlisha Tanzania, Uganda na Kenya. Anayeliogopa ziwa la namna hii hana upungufu wa imani. Ana akili.

Mwanza haihitaji kukumbushwa, ingawa kila tarehe 21 Mei hukumbushwa. Siku hiyo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka kabla ya kufika Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800, na baadhi yao walizikwa Igoma. Kuna jambo moja ambalo waliokuwepo hawalisahau. Meli ilipokuwa imelala tumbo juu, kulisikika watu wakigonga kutoka ndani, na waokoaji wakaamua kulitoboa tumbo lake ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imebaki ndani ikapata njia, na meli ikazama. Hakuna anayeweza kusema watu wale walikosa upendo, au walikosa ujasiri.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kutia nanga Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Siku mbili baadaye, matumaini yakiwa yamekwisha, wapiga mbizi walimtoa fundi mitambo wa kivuko akiwa hai. Alikuwa amejibana katika sehemu iliyobaki na hewa. Habari ile ilienea upesi sana, na mimbari nyingi zikaipokea kama ushuhuda.

Hapa panahitaji uangalifu. Ukisema huyu alipona kwa imani yake, umesema nini kuhusu wale 228? Mle ndani walikuwamo mama wenye rozari na wazee wa kanisa, walikuwamo Waislamu waliotoka kuswali adhuhuri, walikuwamo watoto. Kando ya ziwa hilihili, huko Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Buganda walichomwa moto kwa kumkiri Kristo, na tumaini lao halikuwatoa motoni. Kanisa Katoliki liliwatangaza Wakatoliki miongoni mwao kuwa watakatifu mwaka 1964 bila kudai kwamba waliokolewa. Tumaini la Kikristo si bima ya safari. Mhubiri anayeliuza hivyo anawaumiza wajane wa Ukara mara ya pili.

Basi tumaini hufanya nini? Irudiwe ile habari ya dhoruba katika sura ya 4 ya Injili ya Marko, safari hii isomwe na macho ya mvuvi. Wanne kati ya wanafunzi, Petro, Andrea, Yakobo na Yohana, walikuwa watu wa nyavu. Ziwa lile walilijua kama kijana wa Kirumba anavyoyajua maji yake. Walipoogopa hawakuogopa kama wageni. Waliogopa kwa ujuzi wa kazi. Yesu alikuwa amelala nyuma kwenye shetri, kichwa juu ya mto. Walipomwamsha hawakuuliza kama ana uwezo juu ya upepo. Walichouliza ni kama anajali kwamba wanaangamia. Jambo lililowatesa kuliko mawimbi lilikuwa shaka ya kuachwa peke yao. Na Marko anaongeza jambo ambalo wahubiri huliruka: baada ya ziwa kutulia, ndipo wakashikwa na hofu kubwa zaidi, wakijiuliza aliye pamoja nao ni nani. Hofu haikutoweka chomboni. Ilihama kutoka kwenye maji kwenda kwa Bwana wa maji.

Mfano wa hofu iliyohama namna hiyo uko hapahapa Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo. Desemba 1877 wamisionari wawili wa shirika la Kianglikana la CMS, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi wa mtawala Lukonge na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Juni mwaka uliofuata alifika Kageye Mskoti mmoja, Alexander Mackay, fundi mitambo kwa taaluma. Alikuta mizigo imelundikana na mashua yao, Daisy, imechakaa. Watu walimsihi asikanyage Ukerewe. Alikwenda, bila silaha, akaonana na Lukonge na kurudi na amani. Kisha akafanya jambo ambalo halina utukufu wowote wa kusimuliwa kanisani: alikaa chini na kuitengeneza mashua.

Mackay hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na mapadri wa Kifaransa waliokuja baada yake wangeweza kutoa ushahidi. Lakini namna alivyoibeba hofu yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtu aliyewaogopesha wote alimwendea mikono mitupu. Ziwa hakuliendea mikono mitupu. Aliliendea na nyundo, misumari na mbao. Hata hivyo dhoruba iliivunja Daisy ufukweni upande wa magharibi. Mackay na wenzake waliikata sehemu ya katikati iliyoharibika, wakaunganisha mbele na nyuma, na wiki nyingi baadaye wakaendelea na safari kwa mashua iliyopungua urefu. Walifika Buganda Novemba 1878. Yeye mwenyewe alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40.

Wakristo wengi wa leo hufanya kinyume chake. Ziwani huingia mikono mitupu wakisema Mungu yupo. Jirani humwendea wamejizatiti.

Hiyo ndiyo hofu ya pili. Mtoto anaugua, ng'ombe anakufa, nyavu zinarudi tupu mwezi mzima, na swali linalokuja haraka ni nani aliyefanya. Mganga mwenye ramli chonganishi anajua kulijibu. Katika miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980, zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na Usukuma, yaani mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, ndio uliobeba sehemu kubwa. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wa hao wazee. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, na ingawa kila mtu aliona bibi akipuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba miaka 50 mfululizo, moshi haukushtakiwa.

Kisha wakaja watu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 hivi mauaji yao yalitikisa Kanda ya Ziwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia bungeni akilizungumzia jambo hilo. Desemba 2014 mtoto wa miaka 4 alichukuliwa nyumbani kwao Kwimba. Februari 2015 mwingine, wa mwaka mmoja tu, alitekwa Chato na mwili wake ukakutwa umekatwa viungo. Mei 2024, Muleba, mtoto wa miaka miwili na ushee aliporwa mikononi mwa mama yake, na miongoni mwa watu 9 walioshtakiwa kwa mauaji hayo alikuwamo padri. Mahakama ina kazi yake na mada hii haiiingilii. Ila kanisa lisijifanye kwamba hofu hii, na tamaa inayofuatana nayo, inakaa kwa wapagani tu.

Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, una neno la pekee hapa. Unapotafuta kinachoifukuza hofu, hautaji ujasiri wala nguvu. Unautaja upendo. Kwa Mkristo wa Kwimba maana yake ni nzito: dawa ya kumwogopa bibi mwenye macho mekundu ni kwenda kumchotea maji, kukaa jikoni kwake hadi macho ya mgeni nayo yawe mekundu. Kumwombea kwa mbali, mlango umefungwa, hakujafika.

Na baadhi ya madhabahu zimeongeza kuni kwenye moto. Muumini aliyeacha hirizi kwa mganga anapewa chupa ya maji au mafuta ya upako, pamoja na orodha ileile ya maadui: shangazi, mke mwenza, mfanyakazi mwenzake. Kitambaa kimebadilika rangi, hofu ni ileile. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wakitafuta usalama. Linasikitisha kuliandika, lakini semina ya viongozi isiyolitaja ingekuwa ya kupoteza muda.

Upo pia mfano wa hofu iliyoshindwa na upendo. Upande mwingine wa ziwa, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 iliangukia majini ikikaribia uwanja wa Bukoba. Waliofika kwanza ni wavuvi, kwa mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Kijana mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, alipigwa na kamba akijaribu kuwafikia marubani, akazimia na kuzindukia hospitalini. Hakuna aliyewauliza abiria dini zao, na hakuna mvuvi aliyengoja hofu imwishe ndipo apige kasia.

Yupo pia Paulo, katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, na viongozi wanaoshiriki semina hii wangefaa kumsoma polepole. Kabla ya kuendelea na safari alionya kwamba bahari ni mbaya, na akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Dhoruba ilipokuja aliwaambia wasafiri kwamba Mungu amemhakikishia uhai wao wote. Mtu angedhani baada ya ahadi hiyo angekaa akiimba. Badala yake aliwazuia mabaharia waliotaka kutoroka na mashua ndogo, akawasihi watu wapate chakula baada ya siku 14 bila chakula cha maana, na ngano ikatupwa baharini ili meli iwe nyepesi. Ahadi ilikuwa ya Mungu; kupunguza mzigo ilikuwa kazi ya watu 276, na wote walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. MV Nyerere haikupunguziwa hata gunia moja.

Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limewaondolea maelfu ya wasafiri foleni ya kivuko na hofu yake. Ukara, Irugwa, Kome na visiwa vingine havina daraja. Kwaya zao bado huja kwenye makongamano kwa mtumbwi, mara nyingi usiku, mara nyingi wakiwa wengi kuliko uwezo wa chombo, huku wakiimba.

Kwa hiyo washiriki wanaotoka visiwani na kwenye mialo wanaombwa kuja kwenye kikao cha mchana na namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi: chombo kilichowaleta kina jaketi ngapi, na kilibeba watu wangapi. Wanaotoka Kwimba, Magu na Misungwi waje na idadi ya vikongwe wa mtaa wao wanaoishi peke yao, na tarehe ambayo mtu wa kanisa aliingia nyumbani kwao mara ya mwisho.