Tulishika Chungu cha Wazee wa Kale
(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuwaeleze tuliyoyaona tulipokwenda Makumbusho ya Kisumu siku ya maonyesho. Tutasema kwa ufupi, maana jua ni kali na uji umeshaiva.

Kwa kawaida vitu vya makumbusho hukaa ndani ya kioo. Unaangalia, unapita. Siku ile vichache viliwekwa mezani, na mwalimu wa pale akatuambia, "Karibuni mshike, ila kwa mikono miwili." Basi tukapanga mstari kama watoto wa shule!

Tulipewa kigae cha chungu cha Urewe. Ndiyo, Urewe hii hii yetu ya Siaya. Mwaka 1948 yalitolewa maandishi juu ya vyungu hivyo, ya Mary Leakey, mumewe Louis, na mmishenari W. E. Owen. Tangu hapo vya namna hiyo vimeonekana mpaka Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, na kote huitwa kwa jina la Urewe. Waliovifinyanga walilima na kuyeyusha chuma, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Lakini hayo ni ya kusoma. Furaha ilikuwa mkononi. Kitakoni mwa chungu pana kibonyeo. Mfinyanzi alibonyeza kwa kidole udongo ukiwa mbichi. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye hufinyanga vyungu vya kuuza sokoni, alitia kidole chake pale, kikaenea. Akanyamaza. Kisha akacheka mpaka machozi: "Kumbe huyu ni mwenzangu wa kazi!" Akaanza kumfundisha mwalimu jinsi mchanga unavyochanganywa ili chungu kisipasuke motoni, na jinsi mistari inavyochorwa kabla udongo haujakauka. Mwalimu akatoa kalamu, akaandika.

Hapo sisi wengine tuliinamisha vichwa. Maana tulipochimba choo cha kikundi tulikuta vigae vingi, vingine vina mistari kama ile ile. Tulivifanya nini? Tulivishindilia chini ya sakafu kama kokoto.

Kwa hiyo tuna ombi. Ukichimba kisima, choo au mchanga ukakuta vigae au mifupa iliyogeuka jiwe, simamisha jembe. Usioshe, usiuze. Kiache kilipo, kwa sababu udongo kilimolala ndio unaoeleza umri wake. Weka alama, mwambie chifu, na peleka habari makumbusho. Sheria ya mwaka 2006 inatutaka tutoe habari.

Ufuo wetu una mengi. Kule Nyayanga, karibu na Mlima Homa, watafiti walitangaza mwaka 2023 mawe ya kukatia nyama yenye umri wa miaka kama milioni 2.6 mpaka milioni 3. Nani ajuaye kilicho chini ya shamba lako?

Yule mama yupo hapa leo. Mwulizeni mwenyewe, mpaka sasa anatuonyesha kile kidole.