Mfupa Hujengwa Ujanani

(Hotuba iliyotolewa Tabora mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme juu ya afya. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma biolojia chuo kikuu. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu: mfupa.

Njia kuu ya misafara ilipita hapa, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Katika karne ya 19 Wanyamwezi waliufanya upagazi kuwa kazi ya ujira, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Wengine walipita njia hiyo hiyo wakiwa minyororoni, wala sisifu taabu ile. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini tujiulize: mzigo na mwendo huufanya nini mfupa?

Wengi hudhani mfupa ni kama gogo kavu. Sivyo. Mfupa u hai. Zimo seli zinazobomoa sehemu kuukuu, na nyingine zinazojenga mpya. Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Wachezaji wa tenisi wamepimwa, ikaonekana mfupa wa mkono unaoshika raketi ni mnene kuliko wa pili. Wanaanga, ambao huko juu miguu yao haibebi uzito, hupoteza kiasi cha asilimia 1 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Vijana, akiba hii hufikia kilele kwenye umri wa miaka 30 hivi. Baadaye hupungua, na kwa wanawake hupungua kwa kasi hedhi inapokoma. Mama yangu alijikwaa kizingitini, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo hakufika sokoni kwa miguu yake mpaka alipofariki. Naye alishika jembe tangu utoto! Itakuwaje kwetu tunaokaa kitini mchana kutwa?

Basi kimbieni, rukeni, limeni shamba la shule. Ila mzigo uwe wa kiasi, maana ukizidi kichwani huumiza shingo. Kunyweni maziwa, kuleni dagaa wa Kigoma pamoja na mifupa yao. Jua tunalo: vipimo vya damu vya Wamaasai na Wahadzabe, vilivyochapishwa mwaka 2012, vilionyesha wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiasi cha kutosha kabisa. Vitamini hiyo huusaidia mwili kupokea kalsiamu ya chakula. Na tumbaku, zao kubwa la mkoa huu, hudhoofisha mifupa ya mvutaji. Tuiuze, tusiivute.

Wenzangu wa umri wangu, hatuwezi kuirudia mifupa ya miaka 20, lakini tukitembea kila siku tutapunguza upotevu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya mfupa huliwa kidogo kidogo, na aliyeanza na nyingi ndiye atakayefika mbali. Jioni hii tunacheza mpira na timu ya shule. Tukutane kiwanjani.