Weusi wa Chai na Damu ya Mwili

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kamunyonge, Musoma)



Kamunyonge si mahali pa mashamba ya chai; nchi hii ni ya pamba, mihogo na samaki. Hata hivyo, nyumba isiyo na birika ni nadra. Majani yachemshwayo humo hutoka mbali: Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Kwa kuwa chai huandamana na mikutano, misiba na milo, yafaa kila mwanachama ajue kilichomo ndani ya weusi wake.

Jani bichi la chai ni la kijani, nalo lina kemikali ziitwazo katekini. Kiwandani jani hunyaushwa, kisha husagwa. Linapopondeka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na katekini hukutana nazo, na oksijeni ya hewani huzigeuza. Hapo huzaliwa teaflavini, yenye rangi ya manjano inayong'aa. Tearubijini, yenye wekundu wa kahawia. Na teabraunini, iliyo nyeusi kuliko zote. Kazi hiyo huitwa kuchachusha, lakini haifanani na uchachu wa togwa au pombe, kwani haifanywi na chachu wala vijidudu. Huchukua kama saa moja au mbili, kisha joto la kikaushio huikomesha. Ikipitiliza, teaflavini hupungua, rangi hufifia na kuwa nyeusi isiyong'aa, na bei hushuka mnadani. Basi weusi peke yake si dalili ya ubora.

Chai iliyochachushwa na vijidudu hasa ni ile ya pu'er, itokayo Yunnan nchini China. Majani yenye unyevu hurundikwa kwa majuma kadhaa, na kuvu na bakteria huyageuza hata teabraunini ikazidi rangi nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa China walitangaza kuwa teabraunini hiyo ilipunguza lehemu katika damu ya panya, kwa kubadili bakteria wa utumbo na mwendo wa nyongo. Habari hiyo ni njema, lakini haikuifanya chai kuwa dawa. Mgonjwa wa moyo asiache vidonge vya hospitali kwa sababu ya kikombe.

Jambo linalogusa zaidi nyumba za Mara ni jingine. Kemikali hizi hushikamana na madini ya chuma. Atakaye ushahidi na atie msumari wenye kutu katika kikombe cha chai ya rangi, auache usiku kucha: chai itakuwa nyeusi kama wino. Chai hiyo imwagwe, isinywewe. Tumboni nako chuma kilichomo katika maharage, mtama na mchicha hushikwa vivyo hivyo, mwili usikipate. Vipimo vilivyofanywa tangu miaka ya 1970 vimeonyesha kuwa chai ikinywewa pamoja na chakula cha mimea yaweza kupunguza chuma kiingiacho mwilini kwa zaidi ya nusu.

Bila chuma damu haijengeki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na kwa watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka 5. Malaria, minyoo na kichocho vina sehemu yao katika madhara hayo. Chai si mshtakiwa pekee. Lakini saa ya kunywa chai iko mikononi mwa mwenye nyumba, na kuibadili hakugharimu hata senti moja. Kwa hiyo:

(a) Chai inywewe walau saa moja baada ya mlo, hasa na mama mjamzito na msichana.

(b) Vidonge vya kuongeza damu vitolewavyo kliniki vimezwe kwa maji, si kwa chai.

(c) Mtoto mdogo apewe uji na maziwa, si chai ya rangi na kiporo.

(d) Ndimu, chungwa au embe liliwe pamoja na mboga, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

(e) Chai ipoe kidogo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kuwa vinywaji vyenye joto lizidilo nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani ya umio, nayo Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huo kwa wingi.

Makatibu waanze na mikutano ya vyama vyao. Siku ya mkutano mkuu, wali na maharage viandamane na maji safi na matunda; chai ije baadaye, wakati wa mazungumzo. Maelezo haya yasomwe mbele ya wanachama wote, wanaume wakiwepo, kwa sababu mara nyingi wao ndio watakao chai iletwe pamoja na sahani, na mama wa nyumba hunywa birika hilohilo.