Watoto Wetu wa Mbali na Hesabu Tunayowawia

Hotuba ya mwalimu wa dini kwa sherehe ya jubile ya parokia



Baraza la parokia limeniomba niseme juu ya watoto wetu wenye kuishi mbali, na juu ya feza wanayoituma kwa maendeleo ya inchi yetu. Nadhani walitumaini nitawasifu, kwani bati mpya za upande wa sakristia zilinunuliwa kwa jasho lao, na hakuna nyumba hapa isiyokuwa na mtoto, ndugu ao mkwe ng'ambo. Sifa ninazo. Lakini mimi ninawawia deni, na katika Agano la Kale mwaka wa jubile ulikuwa mwaka wa kurudisha mashamba kwa wenyewe na kuyatazama madeni upya. Kwa hiyo mtanivumilia nikianza na deni langu.

Kwanza niseme ni watu gani. Siku hizi wanaitwa diaspora. Katika seminari ndogo tulifundishwa Kigiriki kidogo sana, nami nilisahau karibu chote, ila neno hili lilibaki: linatoka katika tendo la kutawanya mbegu shambani. Watoto wetu walitawanywa kweli. Wengine walitangulia zamani kwa ajili ya masomo, wakabaki Ubelgiji ao Ufaransa. Wengine walifuata kazi Lubumbashi na Afrika ya Kusini. Lakini wengi walitoka hapa usiku, wakati wa vita ya 1996 na ile ya 1998. Walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakaingia kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, ao walishuka Zambia, katika kambi za Mwange na Kala. Wenye kuwa Zambia wengi wamerudi, nanyi mko hapa mbele yangu. Katika wale wa Nyarugusu, wengi walipokelewa Marekani. Leo wanatumika katika viwanda vya nyama, katika maghala, katika nyumba za kutunzia wazee. Tuliwaaga wakiwa wakimbizi, na sasa sisi ndio tunangojea simu yao ilie.

Feza hiyo si kidogo. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 wahamaji walituma kwa inchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara karibu dolari miliari 54. Na kutuma kwenyewe kunagharimu: kwa dolari 200 zenye kuja Afrika yetu, karibu 8 kwa mia zilibaki njiani mwaka huo, ndiyo kusema dolari 16. Mwaka 2015 mataifa yalipatana kwamba kufika 2030 gharama hiyo ishuke chini ya 3 kwa mia. Tunaposema "leta kidogo tu", tukumbuke kwamba kidogo ndicho chenye kukatwa zaidi.

Sehemu kubwa ya feza hiyo inaliwa, nami sitaki kuwalaumu wenye kuila. Mama mgonjwa sharti atibiwe, mtoto alipiwe masomo, marehemu azikwe. Padri mmoja wa zamani alizoea kutuambia kwamba anayemhubiria mwenye njaa juu ya akiba ameshiba mwenyewe. Mimi ninasema juu ya ile sehemu nyingine, ile iliyotumwa kusudi izae. Hapo ndipo nilipokosa.

Mnaikumbuka mashini ya kusaga, ile tuliyoiita mulini ya watoto. Watoto wetu 17 walichanga, wakanunua mulini ya mazutu, ikapita ziwani kwa mtumbwi, tukaipokea kwa ngoma. Baba Paroko wa wakati ule aliibariki. Mimi niliwekwa kutunza sanduku kwa sababu nilijua kuandika na kwa sababu ni mwalimu wa dini. Sababu hizo mbili hazikutosha.

Wiki ya kwanza mama mmoja alikuja na ungo wa mihogo, akasema: "Mwalimu, mwanangu ni mmoja wa waliochanga, mimi nitalipa namna gani kwa mulini yangu mwenyewe?" Nilimwachia. Kesho yake walikuja shangazi zake. Kisha palitokea kilio katika ukoo mmoja, tukasaga bure kwa ajili ya matanga, na hilo lilikuwa jema. Lakini tangu siku ile kila kilio kilidai vilevile. Daftari nililianzisha, ninalo hata leo. Ndani mna majina ya wadeni, hamna tarehe. Mazutu tuliinunua kwa feza ya juma, na iliyozidi tuligawanya kidogo kwa msagaji, kidogo kwa mlinzi, kidogo kwa wagonjwa wa shirika letu. Kwa ajili ya mkanda, kwa ajili ya nyundo zinazolika, kwa ajili ya moteri yenyewe hatukuweka hata franka. Tulidhani kile kilichopewa bure hakizeeki.

Ilisaga miezi 14. Mkanda ulikatika, tukafunga mpira wa baisikeli. Halafu moteri ikanyamaza.

Watoto waliuliza habari. Mimi nilifanya nini? Niliomba kijana mmoja apige picha ya mulini, tuliyokuwa tumeipaka rangi, tukaituma pamoja na salamu na baraka nyingi. Baada ya siku chache simu ililia. Alikuwa mmoja wao, niliyemfundisha katekisimu hapa chini ya mwembe. Kwake ilikuwa mapambazuko, alikuwa anatoka kazini, nilisikia sauti yake imechoka. Aliniambia: "Mwalimu, sikuuliza kama mulini ni nzuri. Niliuliza ilisaga magunia mangapi." Sikuwa na jibu. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu.

Wandugu, nimeungama kosa hilo penye kitubio, lakini yeye sijamjibu mpaka leo. Wengi kati ya wale 17 hawakuchanga tena kwa ajili ya kijiji. Wanatuma kwa mama zao tu. Tulisema wamekuwa Wazungu, wametusahau. Tulisema hivyo katika mikutano yetu, nami nilinyamaza kwani maneno hayo yalinifunika.

Nilitaka kujua kama wengine waliweza. Sisi walimu wa pwani hii tunalijua jina la Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika inchi inayoitwa leo Mali, akanyakuliwa akiwa mtoto, akauzwa mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasoma uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akatumika kama mganga na mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo alichukuliwa mbali na kwao, na maarifa aliyoyapata akayaleta Afrika, ingawa si katika kijiji alimozaliwa. Na kwa jambo la leo, ni Mali hiyo tena iliyonifundisha zaidi.

Magharibi ya Mali kuna jimbo la Kayes. Tangu siku nyingi vijana wa huko walikwenda kutumika Ufaransa, wakilala wengi katika chumba kimoja, na kila kijiji kilikuwa na sanduku lake huko, kila mfanyakazi akitoa kila mwezi. Kwa feza hiyo walijenga misikiti, kisha visima, shule na nyumba za dawa. Si zote zilizofanikiwa. Nyumba ya dawa bila mwuguzi na bila dawa ni kuta tu, na kuta za namna hiyo zilionekana huko sawasawa na huku.

Ukame mkubwa wa Saheli, ule wa kufika mwaka 1973, uliwafikirisha wafanyakazi wachache waliokuwa Paris, watu wa Mali, Senegal na inchi za jirani. Waliona kwamba kutuma mchele kila mwaka hakuna mwisho. Wakaomba kufundishwa kulima, watu wale wa viwandani, wakaenda kwa wakulima wa Kifaransa katika sehemu za Marne, wakajifunza huko miezi kadhaa. Mwanzoni mwa 1977 watu 14 walirudi, wakapewa ardhi kando ya mto Senegal, wakaanzisha shirika la wakulima na kuliita Somankidi Coura. Walifyeka kwa mikono, wakapandisha maji ya mto kwa pompi, wakalima mboga na ndizi. Mmoja wao, Bouba Touré, alikuwa mpiga picha, na kwa miaka mingi aliandika na kuonyesha kazi ile, hata waliobaki Ufaransa wakaijua kama waliokuwa shambani. Mashirika mengine yakazaliwa kando ya mto baada yao.

Mtaniambia: watoto wetu hawawezi kurudi wote. Ni kweli, na wengine hawapashwi kurudi, wana watoto shuleni. Mimi sitazami kurudi kwao. Ninatazama kwamba wale 14 hawakumpa mtu mulini na kungojea picha. Walikuwa ndani ya kazi, walijua pompi inakunywa mazutu kiasi gani.

Serikali nazo zimejaribu. Ethiopia, ilipoanza mwaka 2011 kujenga bwawa kubwa la umeme juu ya Nili ya Buluu, iliwauzia raia wake wa ndani na wa ng'ambo hati za deni. Nigeria mwaka 2017 ilikopa kwa namna hiyo dolari milioni 300, kwa miaka 5, na kuwaahidi wakopeshaji 5,625 kwa mia kila mwaka. Hayo ni mambo ya wakubwa. Ninayataja kwa sababu moja: mwenye kununua hati anajua siku gani atalipwa na kiasi gani. Sisi tuliwapa watoto wetu jina la wafazili, jina zuri sana, na mfazili hapewi siku wala kiasi, anapewa shukrani.

Na Mtakatifu Paulo? Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa diaspora, mzaliwa wa Tarso. Alipokusanya feza ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuichukua peke yake. Someni nyumbani sura ya 8 ya barua yake ya pili kwa Wakorinto. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, kusudi mtu asipate neno la kuwalaumu juu ya sadaka kubwa namna ile. Paulo, mtume, aliona kwamba utume wake hautoshi kuwa hesabu. Mimi nilidhani ualimu wangu unatosha.

Sasa nafikia neno la leo. Watoto wetu wameandika kwa ajili ya jubile hii. Wale 17 wamekuwa wengi zaidi, na yule wa simu yumo. Wanauliza tunataka nini. Katika baraza wamoja walitaka karamu na vitenge vya jubile, wengine mnara wa kengele. Shirika la wamama lilileta shauri jingine: ghala la mahindi.

Mnajua sababu. Wakati wa mavuno tunauza gunia kwa wafanyabiashara wenye mitumbwi, kwa bei wanayoitaka wao, kwani karo na deni vinatusukuma. Miezi ya mvua tunanunua mahindi yaleyale, mara nyingi kwa bei karibu mara mbili. Ghala lenye feza kidogo lingempa mkulima mkopo juu ya magunia yake wakati wa mavuno. Magunia yangebaki makavu, juu ya mbao, na yangeuzwa bei inapopanda. Faida ingegawanywa: sehemu kwa mkulima, sehemu kwa ghala, sehemu kwa waliotoa feza. Ndiyo, kwao pia. Mzee mmoja alishangaa katika baraza: mtoto amlipishe baba yake? Nilimjibu kwamba mtoto huyo, akirudishiwa dolari zake na kitu juu yake, atazituma tena mwaka ujao, naye mzee hatahitaji kulia kwa simu.

Sheria haituzuii. Tangu 2012 Kongo imo katika sheria za biashara za OHADA, na sheria yao ya mashirika ya ushirika, ya mwaka 2010, inaruhusu shirika la namna nyepesi lianze na watu 5, lenye mkutano wa wanachama na daftari zinazoonekana. Watoto wa mbali wanaweza kuwa wanachama. Mwanachama haombwi, anaitwa mkutanoni.

Ninaliomba baraza jambo moja kabla ya kuwajibu juu ya ghala: tuwatumie kwanza hesabu ya mulini, jinsi ilivyo, pamoja na feza iliyoliwa na jina langu chini yake. Jumapili zilizopita nimekaa na msagaji na mlinzi, tumehesabu tulivyoweza. Magunia tuliyoweza kuthibitisha ni 412. Mengine hatujui, na tumeandika kwamba hatujui. Wenye madeni katika lile daftari la zamani tumewatembelea. Kumi na mmoja wamelipa, wengine wawili walileta kuku.

Daftari hizo mbili, ya zamani na mpya, ziko juu ya meza kando ya mlango wa sakristia. Baada ya Misa ya kesho kila mtu azifungue. Mwenye kuona kosa aandike kwa kalamu nyekundu, kalamu iko hapo. Jumatatu Baba Paroko ataweka sahihi, nasi tutazipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuzituma. Kisha mimi nitampigia simu yule kijana, wakati wa mapambazuko ya kwake.